Shamba la miti, moto wa jirani na bima: tupange kinga kabla ya Agosti

Mpanda Mipaini (Mufindi)

Wakuu, salaam.

Mvua zimekatika huku Nyanda za Juu Kusini, baridi ya kipupwe imeanza kubana na majani ya mabondeni yanageuka rangi. Nafungua uzi huu mapema kwa sababu kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba ndiyo miezi ambayo mtu anapoteza jasho la miaka kumi kwa mchana mmoja. Mwenye miti Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete, Ludewa, karibu tujadili. Na nyie mlioko Dar na Dodoma mlionunua ekari huku mkamwachia mtu wa kuangalia, uzi huu unawahusu kuliko wengine wote.

Kila msimu naulizwa swali lile lile: "Mkuu, bima ya shamba la miti inapatikana wapi?" Swali ni zuri, ila watu wanaanza nalo wakati lingefaa kuja karibu na mwisho. Bima inalipa fedha, hairudishi miaka. Mpaini wa miaka tisa ukiungua, hata ukilipwa wiki inayofuata, unarudi kununua miche.

Nianze na mti wenyewe. Wengi wetu tumepanda mipaini aina ya patula kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti 440 na ushee kwa ekari. Mkaratusi ukiungua unaweza kuchipua tena kwenye kisiki. Patula hauchipui. Sindano, yaani majani yake membamba, zikishakaushwa na moto mpaka kileleni, mti huo umekwenda, na kinachobaki ni mbio za kuuvuna kabla ukungu wa bluu haujaingia kwenye mbao na mnunuzi akakushushia bei. Tena mkiungua wengi kwa wakati mmoja, wote mnakimbilia wanunuzi wale wale, mnauza kwa bei ya kuokoteza.

Halafu kuna lile tabaka la sindano zilizodondoka chini. Moto unaweza kulala humo siku kadhaa bila moshi wa kuonekana. Watu wanapongezana, wanarudi majumbani, kesho saa saba mchana upepo unapiga na moto unaibuka upande ambao hakuna mtu.

Na unatoka wapi? Kwa huku kwetu, karibu kila mara unatoka kwa binadamu. Anayesafisha shamba la ulezi au mahindi, anayerina asali kwa mwenge, anayewinda, mfugaji anayetaka majani mapya yachipue. Hauanzii ndani ya shamba lako. Unakuja kwako ukiwa umeshapata nguvu kwenye pori la mtu mwingine au kwenye shamba ambalo halijapaliliwa tangu mwenyewe alipolipanda.

Kwa hiyo mpango wangu unaanzia kwa jirani. Kabla ya Juni kwisha tunakaa majirani wote tunaopakana, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tunajibu maswali machache. Nani anategemea kuchoma shamba mwaka huu, na lini? Barabara ya moto, yaani ule ukanda usio na majani wa kuzuia moto usivuke, inapita wapi, na nani anailima? Moto ukionekana, nani anampigia nani? Sisi tumekubaliana kila mwenye shamba anatoa mita 5 upande wake wa mpaka, barabara inakuwa na mita 10. Upande unaotazama bonde la majani tunaipanua zaidi. Na tunailima mpaka udongo uonekane. Kufyeka majani na kuyaacha hapo hapo yakauke ni kuuandalia moto njia.

Miti ya kwenye kingo tunaipogoa mpaka urefu wa mtu na zaidi, matawi tunayaondoa kabisa kwenye mistari ya mwanzo. Moto ukifika ukakuta hakuna tawi la kushika, unabaki chini, na moto wa chini watu wenye majembe wanauweza. Ukishapanda juu kwenye vilele, hapo kazi ya binadamu ni kukimbia.

Kuhusu kuchoma: Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kabla ya kuwasha. Kibali hicho kina faida kubwa kuliko karatasi yenyewe, kwa sababu mtu akiomba, majirani wanajua siku na saa, wanakuja kusimama mpakani.

Sehemu ya bima nitaileta baadaye. Kwanza nataka kusikia wenzangu mnajipangaje.

---

Binti Makete

Asante sana kaka kwa uzi huu. Nina la kuongeza kuhusu wenye mashamba wasiokaa huku, maana kwetu ndilo tatizo namba moja.

Kijijini kwetu mashamba yanayopakana na la familia yangu, mengi wenyewe wako mjini. Ukitaka kuitisha kikao cha mpaka, nusu yao huna namba zao za simu. Mashamba hayapaliliwi, hayapogolewi, majani yamefika kifuani. Mwangalizi analipwa kidogo, na akilipwa kwa kuchelewa anaacha. Sasa mimi nikilima mita 5 zangu vizuri na upande wa pili ni majani makavu ya kimo cha mtu, upepo ukija cheche zinavuka tu.

Tulichofanya ni kupeleka jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likaingizwa kwenye sheria ndogo: mwenye shamba la miti lazima aandikishe namba ya simu kwa mtendaji, na mpaka usiposafishwa kufikia tarehe iliyopangwa, kikundi kinausafisha kwa msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) na mwenyewe anadaiwa gharama. Mwanzoni walilalamika. Siku hizi wengine wanatuma hela kabla hata hawajapigiwa.

Ndugu zangu wa mjini, tumeni namba zenu kijijini. Hiyo haigharimu chochote.

---

Mdau wa Tabata

Mimi ni mmoja wa hao wa mjini, nina ekari 10 Mufindi. Sikatai lawama, dada. Nitafuatilia suala la namba.

Ila nina swali la haraka kwa wataalamu. Nimekata bima ya moto ya nyumba yangu ndogo iliyoko shambani, ile anayokaa mwangalizi, na stoo ya vifaa. Wakala aliniambia "moto ni moto". Je, nikiunguliwa na moto unaotoka porini nalipwa?

---

Dada wa Bima

Habari zenu wote. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, na swali la Mdau wa Tabata ndilo ningependa kila mtu kwenye uzi huu alielewe.

Chukua hati yako, acha ule ukurasa wa mbele wenye jina lako na kiasi. Fungua sehemu ya mambo yasiyolipwa. Hati nyingi za bima ya moto tunazotumia zimerithi maneno ya hati za Kiingereza za zamani, na humo mara nyingi utakuta kifungu kinachosema hasara itokanayo na kuungua kwa misitu, vichaka au nyika, au kusafisha ardhi kwa moto, haimo, iwe kwa ajali au kwa kukusudia. Maana yake nyumba ikiungua kwa hitilafu ya umeme, unalipwa. Nyumba hiyo hiyo ikiunguzwa na moto uliotoka porini, kampuni ina haki ya kukataa.

Habari njema ni kwamba kifungu hicho kinaweza kurekebishwa. Unaomba nyongeza ya moto wa nyika, unalipa ada ya ziada, inaandikwa kwenye hati. Muhimu iandikwe. Wakala kukuambia "moto ni moto" kwa simu hakukusaidii siku ya madai. Kwa mwenye jengo lolote linalozungukwa na mipaini, bila nyongeza hiyo amekinga hatari ndogo na kuiacha kubwa.

Pili, bima ya moto ya jengo haihusu miti iliyosimama. Miti ina bima yake ya mashamba ya misitu. Mwaka 2023 kampuni kadhaa za bima nchini ziliungana katika konsotia ya bima ya kilimo, kwa hiyo milango ya kuuliza imeongezeka kuliko zamani. Lakini mwenye ekari 10 peke yake huwa ni mgumu kupokelewa: gharama ya kumtuma mtu kukagua shamba lake inakaribia ada yenyewe. Wakija kama chama, mashamba yamechorwa ramani, barabara za moto zipo na kuna watu wa zamu, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Kwa hiyo namuunga mkono mwenye uzi, kazi ya mpakani inatangulia. Mkaguzi wa bima atauliza maswali yale yale mliyoulizana kwenye kikao chenu cha Juni.

Na akishakubali, barabara ya moto inaweza kuandikwa kama sharti la hati. Ikiwa umeahidi kuilima kila mwaka na mwaka wa moto hukuilima, madai yako yako mashakani. Piga picha kila ukimaliza kulima, zenye tarehe, uzihifadhi mahali pengine mbali na simu moja.

---

Mdau wa Tabata

Dah. Nimeisoma hati yangu sasa hivi. Kifungu kipo, neno kwa neno. Nashukuru sana dada, Jumatatu naomba hiyo nyongeza.

Na je, shamba lenyewe niliandikishiana na muuzaji kwa jina la shemeji yangu kwa sababu yeye ndiye alikuwa huko siku hiyo. Kuna shida?

---

Dada wa Bima

Shida ipo, kaka. Ili bima isimame, anayekata lazima awe na maslahi yanayotambulika kwenye kile anachokikatia: kikiharibika, apate hasara yeye. Karatasi zikisema ni mali ya shemeji, kampuni itamuuliza shemeji. Rekebisha mauziano mbele ya serikali ya kijiji, na kama kijiji chenu kimepimwa na kina mpango wa matumizi ya ardhi, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila. Fanyeni hivyo mkiwa bado mnaelewana vizuri. Mali ikishaungua na fidia ikawa mezani, mazungumzo ya shemeji kwa shemeji hubadilika.

---

Mzee wa Kilolo

Wanangu, nawasalimu. Mmesema vizuri kuhusu karatasi. Nami niseme kuhusu siku yenyewe, maana nimezima moto tangu ujana wangu.

Vijana wanakimbilia moto saa nane mchana kwa matawi mabichi, wanakutana nao uso kwa uso. Hapo mnatafuta msiba. Mchana upepo uko juu, jua kali, majani makavu. Mchana kaeni ubavuni mwa moto na nyuma yake, linda njia, ondoa watu na mifugo, tengeneza mstari mbali mbele yake. Usiku na alfajiri, umande ukishuka na upepo ukitulia, moto unakuwa mdogo, hapo ndipo mnaupiga. Moto mwingi niliouona ukiisha uliishia alfajiri.

Usipande mlima kukutana na moto unaopanda. Unapanda haraka kuliko mtu yeyote. Kila anayeingia ajue njia ya kutokea, tena mbili. Nguo za nailoni zibaki nyumbani, zinayeyuka mwilini; vaa pamba, viatu vya ngozi, kitambaa kilicholowa usoni.

Mkishauzima, msiondoke. Wawekeni watu wa zamu, watembee kingoni na majembe na yale mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa yakiwa na maji matupu, wakifukua kila penye joto. Tia mgongo wa kiganja karibu na majivu, utalisikia. Sisi hulinda siku tatu, na kama upepo ni mkali tunaongeza.

Tena kuna uchomaji wa mapema ambao watu wameuacha. Mwezi wa tano na wa sita, majani yakiwa na ubichi bado, unachoma vipande vya pori nje ya mashamba kwa utaratibu, watu wote wapo, jioni. Moto unatembea taratibu na kuzimika wenyewe. Ukifika Septemba, moto mkali ukitokea mbali unakuta hapana chakula.

---

Mpanda Mipaini (Mufindi)

Shikamoo mzee. Hayo ya zamu ya siku tatu naomba kila mwenyekiti wa kikundi ayachapishe na kuyabandika ofisini. Moto mwingi wa "mara ya pili" ninaoufahamu ulitoka kwenye moto wa kwanza ulioachwa bila ulinzi.

---

Mwana wa Marangu

Naomba niingie, ingawa mimi si wa miti ya biashara.

Oktoba 2020 mlima wetu, Kilimanjaro, uliungua. Moto ulianza tarehe 11, eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, walieleza kwamba taarifa za awali zilionyesha ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya watu: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi, na wanavijiji waliojitolea tu. Wengi walipanda na jembe, panga na matawi, kwenye mwinuko wa mita 3,000 na zaidi, usiku baridi inakata. Eneo lililoungua lilikuja kutajwa kuwa karibu kilomita za mraba 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima ukaungua tena upande wa Karanga.

Tangu wakati ule nina swali ambalo sijapata mtu wa kunijibu kwa utulivu. Askari ana mwajiri, akiumia anatibiwa na kuna fidia. Mama aliyeacha kibanda chake cha ndizi akapanda mlimani kujitolea, akianguka akavunjika mguu, ni nani anayemtunza miezi mitatu ya kukaa ndani? Na huko kwenu vijana wa msaragambo je?

---

Dada wa Bima

Hilo ni swali zito na linajibika.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya waajiriwa. Ukiwa na vibarua unaowalipa shambani, wewe ni mwajiri, jisajili na uchangie, hata kama ni wa msimu. Ulizia ofisi yao utaratibu. Lakini mwanakijiji anayejitolea si mwajiriwa wa mtu, hivyo anabaki nje.

Kinachomfaa ni bima ya ajali ya kikundi. Chama kinaandikisha orodha ya watu wake wa zimamoto, majina na umri, kinakata bima moja kwa wote. Inalipa kiasi kilichokubaliwa mtu akifariki kwa ajali, akipata ulemavu wa kudumu, gharama za matibabu mpaka kiwango fulani, na nyingine hulipa kiasi kwa wiki kwa muda asioweza kufanya kazi. Kwa kawaida ada yake kwa kichwa ni ndogo ukilinganisha na bima nyingine. Sharti ni kuitaja shughuli yenyewe: andikeni wazi kwamba watu hawa wanazima moto wa misitu kwa kujitolea. Mkiandika "wakulima" halafu mtu aumie akizima moto, mmeipa kampuni sababu ya kubishana.

Orodha iwe hai. Kijana aliyejiunga Agosti jina lake liende Agosti.

---

Binti Makete

Dada, hii nimeipenda mno. Kwetu kikundi kina mfuko wa faini za wanaochoma ovyo, na kila mwaka tunabishana zitumike kwa nini. Nitapendekeza ada ya bima hii itoke humo. Kina mama ndio wengi kwenye msaragambo wa moto, wanabeba maji, lakini kwenye orodha za kikundi wanaandikwa wanaume wenye mashamba tu. Hilo nalo litabidi libadilike.

---

Mbongo KZN

Salaam kutoka Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Huku KwaZulu-Natal miti ya biashara ni mingi, na nadhani kuna jambo la kujifunza.

Wana sheria ya moto wa nyika na misitu ya mwaka 1998. Inawaruhusu wenye ardhi wa eneo moja kuunda chama cha ulinzi dhidi ya moto, kikisajiliwa kinakuwa na kanuni zake, ofisa wake wa moto, na utaratibu wa kutangaza siku za hatari ambapo hairuhusiwi kuwasha kabisa. Kivutio kikubwa kiko kwenye madai ya mahakamani. Moto ukianzia kwako au ukavuka kutoka kwako ukamuunguza jirani, na wewe si mwanachama, sheria inachukulia kwamba ulizembea, kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Ukiwa mwanachama, anayekudai ndiye athibitishe uzembe wako. Kwa hiyo wakulima wakubwa hawajiungi kwa wema tu.

Hapo ndipo niliona kuwa kuna bima nyingine ambayo hamjaitaja: ya dhima. Siyo ya miti yako kuungua, ni ya moto wako kumuunguza mwingine.

---

Mpanda Mipaini (Mufindi)

Mkuu umefungua ukurasa muhimu sana, na mimi nilikuwa sijafika huko. Huku tunazungumza kana kwamba sisi ni waathirika tu. Mwenye shamba pia huchoma masalia baada ya kuvuna, huchoma mkaa wa vipande vilivyobaki, vibarua wake hupika shambani. Ukimuunguzia mwenzio ekari 20 za miaka minane, atakudai, na kijiji kizima kitakuwa shahidi. Dada wa Bima, hiyo ya dhima huku ipo?

---

Dada wa Bima

Ipo, tunaiita dhima kwa umma. Nayo soma sehemu ya mambo yasiyolipwa, kuna zinazoacha nje moto unaowashwa kwa kusafisha ardhi. Na huenda isikulinde kama uliwasha bila kibali, maana hapo umeshavunja sheria.

---

Fundi Dingdong (Mafinga)

Wakuu, mimi napasua mbao. Nina mashine mbili za dingdong (za kupasulia magogo), trekta, na mbao zilizopangwa zinakauka. Nimekuwa nakata bima ya milioni 30 kwa sababu ndiyo ada niliyoimudu. Mali yote ukiijumlisha inafika 60 hivi. Nilidhani likitokea la kutokea napata hadi 30. Je, niko sahihi?

---

Dada wa Bima

Hapana kaka, na naomba wote mshike hesabu hii.

Kuna kanuni ya wastani. Mali yako ni milioni 60, umeikatia 30, maana yake umekinga nusu. Nusu nyingine kampuni inahesabu kwamba unaibeba wewe mwenyewe. Moto ukiunguza mali ya milioni 20, hulipwi 20. Unalipwa nusu yake, 10. Kisha hapo kinatolewa kile kiasi cha mwanzo ambacho hati inasema unakibeba mwenyewe kwa kila hasara. Watu wengi hugombana na kampuni hapa wakidhani wameibiwa, kumbe iliandikwa.

Kama ada ya 60 huimudu, ni bora uchague: katia mashine thamani yake kamili, mbao uziache nje ya hati na uzipunguzie hatari kwa kutozirundika sehemu moja. Hiyo ni salama kuliko kukatia kila kitu nusu nusu. Pia bei za mashine zimepanda, thamani ya miaka mitatu iliyopita irekebishe.

Mengine ya haraka. Lipa ada kabla ya tarehe ya kuanza, kwa sababu kisheria ada isipolipwa hakuna bima. Lipa kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, usimpe mtu mkononi. Hakiki kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama kampuni na wakala wamesajiliwa. Tofautisha wakala na dalali: wakala anaiwakilisha kampuni, dalali anakuwakilisha wewe na anaweza kukutafutia kwa kampuni kadhaa. Vikundi vitumie dalali. Moto ukitokea, piga 114 kwa Zimamoto, toa taarifa polisi, na siku hiyo hiyo iarifu kampuni kwa maandishi. Usisafishe eneo kabla mkadiria hasara hajafika, isipokuwa kuokoa kinachookoleka. Mkishindwana na kampuni, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyeanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Huko unakwenda na nakala zako bila kuanza na mahakama.

---

Fundi Dingdong (Mafinga)

Nimeelewa vizuri dada, Mungu akubariki. Mashine kwanza.

---

Mdau wa Tabata

Niongeze la mjini kidogo. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima yoyote. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2022 ikaingiza masoko ya umma na majengo ya biashara kwenye bima za lazima. Msidhani bima ya jengo la soko inalipa bidhaa za mpangaji. Mwenye kizimba anahitaji yake.

---

Mpanda Mipaini (Mufindi)

Niliahidi kuleta sehemu ya bima, dada ameifanya vizuri kuliko ningeweza. Mimi nibaki na la nyumbani.

Wengi wetu tumeweka kila kitu kwenye miti. Ada za watoto, uzee, nyumba, vyote vimesimama pale mlimani vinasubiri mwaka wa kumi na mbili. Matokeo yake mtoto akiugua, mtu anauza shamba la miaka mitano kwa bei ya kutupa. Nimeona mashamba mengi zaidi yakipotea kwa bili ya hospitali na kwa misiba kuliko kwa moto. Kwa hiyo kwenye familia yangu bima ya afya ya kaya nzima inalipwa kabla ya miche mipya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, fuatilieni vifurushi, msisubiri mtu augue ndipo muulize.

Mliokopa benki kununua mashamba, kuna bima ya mkopo inayokatwa humo humo. Mkopaji akifariki, hiyo inalipa benki deni lililobaki. Familia inapona deni lakini haipati hata shilingi ya kula. Mwenye watoto wadogo anahitaji bima yake ya maisha nje ya ile ya mkopo, na mke au mume ajue hati iko wapi. Warithi walioandikwa muwaangalie upya. Kuna watu wameoa, wamezaa, na kwenye hati bado kaka yao ndiye mrithi.

Na akiba ya dharura isiwe miti. Iwe fedha inayotoka siku hiyo hiyo, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) au benki, inayotosha kulima barabara ya moto upya na kulipa watu wa zamu hata mwaka ambao hujauza kitu.

---

Mzee wa Kilolo

Umesema kweli, mwanangu. Miti haiendi hospitali usiku.

Swali langu la mwisho: sisi kikundi chetu kina watu arobaini na kitu, mashamba yametapakaa vilima vitatu. Tuanzie wapi mwaka huu, maana vyote hivi hatuvimudu kwa pamoja?

---

Mpanda Mipaini (Mufindi)

Mzee, kwa mwaka huu ningefanya hivi. Chukueni kilima kimoja, kile kinachopakana na bonde la majani au mashamba ya ulezi, maana moto utatokea upande huo. Limeni barabara ya nje ya kilima hicho chote kama mpaka mmoja kabla ya Julai kwisha, bila kujali ni shamba la nani. Vijana wawili wenye simu wawe na zamu ya kukaa juu kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, Agosti mpaka mvua inyeshe. Wakati huo huo mtu mmoja anayejua kutumia GPS ya simu azunguke mashamba yote na kuandika mipaka, mwaka wa kupanda na jina la mwenyewe. Orodha hiyo ndiyo dalali wa bima atakayoihitaji mwakani, na ndiyo itakayotumika kwa bima ya ajali ya kikundi ambayo mnaweza kuianza mwaka huu huu.

Vilima viwili vilivyobaki vifuate msimu ujao. Mkihitaji mtu wa kuja kuwaonyesha kulima barabara kwenye mteremko bila udongo kuporomoka, kikundi chetu kitatuma watu, nyie mtoe chakula na pa kulala. Wengine wanaotaka hivyo hivyo waandike kijiji na wilaya hapa chini, tupange kabla ya wiki ya pili ya Julai.